Nilivyoikimbiza kompyuta yangu hadi ikaanza kusema uongo

Poleni kwa ukimya. Kazi za gazeti zilinibana na kibaraza hiki kikaota vumbi. Leo nimerudi na hadithi ambayo nimeikalia kwa muda mrefu kwa sababu ina aibu yangu ndani yake.

Kilichonisukuma kuiandika ni barua pepe ya kijana mmoja wa chuo. Ana kompyuta ya mezani aliyoinunua kwa mtu, na rafiki zake wamemwambia kwamba anaweza kuingia kwenye bayosi, akabadilisha namba mbili tatu, na prosesa ikakimbia kuliko ilivyotoka kiwandani. Bure kabisa, bila kutoa hata senti. Ananiuliza: kaka, ni kweli?

Jibu fupi ni ndiyo, ni kweli. Jibu refu ndilo hili.

Mwaka 2023 nilinunua kompyuta ya mezani iliyotumika, Kariakoo, kwa laki sita. Ndani ilikuwa na prosesa ya AMD Ryzen 5 2600, toleo la mwaka 2018, na memori vijiti viwili vya gigabaiti 8 kila kimoja. Kwa mwandishi wa habari wa mshahara wangu hiyo ilikuwa mali. Nilihitaji mashine ya nyumbani kwa sababu siku hizi gazeti si karatasi tu. Unarudi kutoka mkutanoni, unaandika habari, halafu mhariri anakuuliza, "Na video iko wapi?" Video ya dakika ishirini ilikuwa inanichukua dakika 41 kuitoa baada ya kuihariri. Nilikuwa nachemsha chai, nakunywa, naosha kikombe, narudi, bado.

Fundi aliyeniuzia ni mtu wa maneno mengi na moyo mweupe. Nilipomlalamikia akacheka. "Mwandishi, wewe una farasi halafu unamwendesha kama punda! Hiyo prosesa haijafungwa. Ingia bayosi umwachie kamba."

Kwa wale wasiojua, ngoja nieleze kidogo. Prosesa inafanya kazi kwa mapigo, kama ngoma. Mazabodi inatoa pigo la msingi la megahezi 100, na prosesa inalizidisha kwa namba fulani. Ukizidisha kwa 34 unapata megahezi 3,400, yaani gigahezi 3.4, ambayo ndiyo kasi ya msingi ya prosesa yangu. Ikipata nafasi inajipandisha yenyewe hadi 3.9, ikiangalia mzigo na joto. Ukiibadilisha ile namba ya kuzidishia, ngoma inapigwa haraka zaidi. Hiyo ndiyo kuovakloki, kama wanavyoita vijana. Haiwezekani kwa kila mashine. Kompyuta za mapajani nyingi zimefungwa, na prosesa nyingi za Intel zimefungwa isipokuwa zile zenye herufi K mwishoni. Kwa AMD, Ryzen za mezani kwa jumla ziko wazi, lakini lazima mazabodi nayo ikubali. Yangu ilikuwa ya B450, inakubali. Ingekuwa A320, ingenigomea.

Mchezo huu si wa jana. Mwaka 1998 Intel walitoa prosesa ya bei nafuu, Celeron 300A, ya megahezi 300. Watu wakagundua kwamba ukilipandisha pigo la msingi kutoka megahezi 66 hadi 100, nyingi zinakimbia megahezi 450 bila kulalamika. Nusu nzima ya ziada, bure! Tangu hapo kila mwenye bisibisi anaota kupata Celeron yake. Hata mimi.

Basi bwana, Julai 2023 nikaingia kazini. Kwanza nikanunua bamba kubwa la kupozea lenye feni, la mtumba pia, nikapaka pesti mpya juu ya prosesa. Halafu nikaingia bayosi. Nikaweka gigahezi 4.1, na kwa kuwa prosesa ikikimbizwa inahitaji nguvu, nikaipandisha volteji hadi 1.4. Nikahamia kwenye memori. Ilikuwa inatembea 2400, ingawa kwenye karatasi ya kijiti imeandikwa 3200. Nikasema, kama mwenye kiwanda anakubali 3200, basi 3466 itashindikanaje? Nikaweka. Vyote kwa pamoja, usiku mmoja. Kumbukeni hilo, nitalirudia.

Kompyuta ikawaka. Nikaipa programu ya majaribio dakika kumi, ikapita. Nikatoa ile video: dakika 36. Nilipiga kelele hadi jirani akagonga ukuta. Kesho yake nikatamba pale chumba cha habari kama mtu aliyenunua gari.

Sasa angalieni jambo ambalo sikulifikiria. Julai hapa Dar es Salaam ni wakati wa kipupwe. Asubuhi unajifunika shuka. Kipozeo cha feni hakiwezi kuishusha prosesa chini ya joto la chumba, kinaondoa tu joto na kulitupa chumbani. Chumba kikiongezeka nyuzi sita, prosesa nayo inaongezeka karibu sita, na vijiti vya memori vile vile. Mimi nilijaribu mashine yangu mara moja, usiku wa baridi, dakika kumi, nikaipa cheti cha mwaka mzima.

Desemba joto likaanza kupanda, na dalili zikaanza. Dirisha la intaneti linajifunga lenyewe. Picha moja ya mkutano wa hadhara ikafunguka na mstari wa zambarau kuanzia katikati hadi chini. Siku moja skrini ya bluu, basi, haikurudia. Kila mara nilikuwa na wa kumlaumu: programu mbovu, kadi ya kamera, umeme. Ile dakika 36 ilikuwa tamu sana, sikutaka kuishuku.

Novemba 2023 nilikuwa nimekwenda kijiji kimoja cha mkoa wa Pwani kufuatilia mgogoro wa mpaka wa ardhi. Nilizungumza na mzee mmoja aliyekuwepo siku mpaka ulipopimwa, miaka mingi iliyopita. Alikuwa amebaki yeye peke yake kati ya walioshuhudia. Alikaa juu ya mkeka, akanisimulia kwa saa moja na dakika kumi na mbili: nani alishika kamba, mkorosho upi ulikuwa alama, nani alikuja baadaye kuung'oa. Kinasa sauti kiko katikati yetu, kuku wanapita. Nikaandika na kwenye daftari, kama tulivyofundishwa.

Mwishoni mwa Januari 2024 nilitakiwa kusafiri kikazi na kadi ya kinasa sauti ilikuwa imejaa. Nikayahamishia mafaili yote kwenye kompyuta, nikayabana kuwa faili moja ili yasile nafasi, nikalinakili kwenye flashi kwa usalama. Nikaona niko makini kweli kweli. Nikaifuta kadi. Ilikuwa saa nane mchana, feni ya chumbani imezimika, jasho linanitiririka.

Habari ikatoka Februari. Machi yule mzee akafariki dunia. Mungu amlaze mahali pema.

Aprili ikaja barua pale ofisini. Mtu aliyetajwa kwenye habari anasema mzee hakusema maneno yale, mwandishi ameyatunga. Mhariri wangu hakuwa na wasiwasi. Alinyoosha mkono tu. "Lete sauti."

Nikaenda nyumbani kwa bodaboda, nimejaa ujasiri. Nikabonyeza faili. Likaanza kufunguka, halafu likasimama. Kuna hitilafu katika data. Nikajaribu tena. Hitilafu. Nikachukua flashi: hitilafu ile ile, mahali pale pale. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba sikuwa na nakala mbili za sauti. Nilikuwa na nakala mbili za kosa moja. Memori ilikuwa imeliharibu faili wakati wa kulibana, halafu mimi nikalinakili lile bovu kwa uangalifu mkubwa.

Nilikesha. Mwishowe nikafanikiwa kutoa sehemu ya mwanzo, dakika 23. Maneno yanayobishaniwa yalikuwa dakika ya 48, nilikuwa nimeiandika daftarini pembeni mwa sentensi yake.

Nilimweleza mhariri ukweli wote, pamoja na bayosi na mapigo ya ngoma. Alinisikiliza mpaka mwisho, akavua miwani. "Kwa hiyo uliharakisha mashine ili uokoe dakika tano?" Nikasema ndiyo. Hakunigombeza, na afadhali angenigombeza. Daftari lilituokoa kwa kiasi: tarehe, dakika, maneno yenyewe kwa mwandiko wangu. Gazeti likachapisha maelezo mafupi kwamba tunasimamia habari yetu kwa mujibu wa daftari la mwandishi, lakini sauti haipo. Mnajua msomaji anavyosoma sentensi kama hiyo.

Usiku ule ule nilianza kuipima memori kwa Memtest86+, programu ya bure unayoiwasha kutoka kwenye flashi kabla ya mfumo wa kompyuta kuamka. Inaandika namba kila kona ya memori, halafu inarudi kuisoma na kuuliza: nilichoweka ndicho nilichokikuta? Raundi moja ilichukua zaidi ya saa. Ya kwanza safi. Ya pili safi. Nikaanza kujipa moyo. Raundi ya tatu, yapata saa kumi alfajiri, mistari miwili myekundu ikatokea. Makosa mawili tu, kati ya mabilioni ya maandiko na masomo. Majaribio yangu ya dakika kumi yasingeyaona hata siku moja.

Hapa ndipo nataka yule kijana wa chuo anisikilize vizuri. Tunapoongeza kasi, wote tunaogopa kompyuta kuzimika au kuungua. Kuzimika si tatizo kubwa. Ikizimika imekwambia ukweli: nimeshindwa. Prosesa za siku hizi zikichemka sana zinajipunguza kasi au kujizima zenyewe. Balaa ni ile inayoendelea kufanya kazi huku ikikosea kidogo, biti moja hapa, biti moja pale, na uso wake mkavu. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi, lakini ya memori yangu ilichukua miezi mitatu, na ingekuwa mirefu zaidi kama isingekuja ile barua.

Wala kompyuta kukosea kimya kimya si hadithi yangu peke yangu. Mwaka 1994 mwanahisabati wa Marekani, Thomas Nicely, aligundua kwamba prosesa za Pentium zilikuwa zinakosea baadhi ya hesabu za kugawanya. Ukigawa 4,195,835 kwa 3,145,727 jibu sahihi linaanzia 1.3338, yenyewe inakupa 1.3337. Hakuna kuzimika wala kelele. Intel walitenga dola milioni 475 kwa ajili ya mkasa ule. Na hizo zilikuwa prosesa zisizoguswa na mtu, kasoro ilitoka kiwandani. Mwaka 2011 watafiti wa Microsoft walichapisha uchunguzi wao wa kompyuta za watu wa kawaida zipatazo milioni moja. Zilizoongezwa kasi zilikuwa zinaanguka mara nyingi zaidi, na zile zilizopunguzwa kasi chini ya kiwango chao zilianguka mara chache zaidi. Mwenda pole hajikwai, kwa takwimu.

Baada ya hapo nilirudisha kila kitu kama kilivyotoka kiwandani, nikaanza upya kwa adabu. Niwape niliyojifunza.

La kwanza, badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja. Nilipobadilisha prosesa na memori usiku mmoja, nilijinyima njia ya kujua mkosaji ni nani. Weka moja, pima, andika kwenye karatasi, ndipo uende kwa lingine.

La pili, anza na memori, na usivuke kilichoandikwa kwenye kijiti. Vijiti vingi vya DDR4 vinaponunuliwa vinatembea 2133 au 2400, kasi ya kawaida inayokubalika kila mahali. Ile 3200 iliyoandikwa inakaa ndani yake kama mpangilio ulioandaliwa, unaitwa XMP, unauwasha kwenye bayosi. Watu wengi wamelipia 3200 na hawajawahi kuitumia. Hata hivyo huo nao ni kuongeza kasi: volteji inatoka 1.2 kwenda 1.35, na prosesa yangu imeidhinishwa rasmi kwa memori ya 2933 tu. Kwa hiyo lazima upime. Faida yake kwa Ryzen ni nzuri, maana njia zinazounganisha sehemu za ndani za prosesa hizi zinafuata mwendo wa memori. Na usidanganywe na namba moja tu. Memori ya 3200 yenye CL16 inaanza kujibu baada ya nanosekunde 10, ile ya 2400 yenye CL17 inachukua karibu 14.

La tatu, piga hesabu ya joto kabla ya kugusa volteji. Umeme unaoliwa na prosesa unapanda sambamba na kasi, lakini kwa volteji unapanda kwa mraba. Tuseme prosesa inafanya kazi zote kwa gigahezi 3.7 na volti 1.2, nawe ukaipeleka 4.1 kwa volti 1.4. Kasi imeongezeka asilimia 11. Umeme, na joto pamoja nao, karibu asilimia 50. Hiyo ndiyo biashara niliyoifanya Julai nikaiita ya bure. Bure yenyewe inasomeka kwenye uniti za LUKU.

La nne, pima kwa muda mrefu na pima wakati mbaya. Memori, raundi nne au zaidi, usiku kucha. Prosesa, saa kadhaa kwa Prime95, programu iliyotokana na kazi ya kutafuta namba tasa kubwa. Uzuri wake ni kwamba majibu sahihi inayajua kabla, kwa hiyo haisubiri mashine izimike, inalinganisha jibu kwa jibu. Ni kama mhariri mkali. Mimi sasa napima mchana wa Februari, madirisha yamefungwa, feni ya chumbani imezimwa. Mashine ikivuka hapo, kipupwe haitaiona.

La tano, ukishapata mwisho wake, rudi nyuma hatua moja. Kama 4.0 imepita kwa shida, kaa 3.9. Vumbi litaingia, pesti itakauka, mashine itazeeka. Iachie nafasi ya kupumua.

La sita halihusu kasi. Nakala si nakala mpaka umeifungua. Siku hizi kila faili la sauti nalipigia hesabu ya SHA-256, ambayo ni kama alama ya dole gumba la faili: biti moja ikibadilika, alama yote inabadilika. Naipiga pale pale kwenye kadi ya kinasa sauti, kabla ya kuhamisha, halafu naipiga tena kwenye kila nakala kwa kompyuta nyingine. Zikilingana ndipo nafuta kadi. Na bado siharakishi kuifuta.

Leo prosesa yangu iko kama kiwanda kilivyoiweka. Memori iko 3200, imepita usiku tatu bila kosa. Ile video ya dakika 20 inatoka kwa dakika 39. Kwa hiyo kati ya kasi ya uongo na kasi ya kweli, tofauti ni dakika tatu.

Baada ya ile barua kuisha nilirudi kijijini. Binti wa marehemu alikuwa amesikia kwamba baba yake alirekodiwa, naye alitaka sauti. Hawakuwa na nyingine. Simu zao zina picha zake, lakini mzee hakupenda kupigwa video. Nilimpelekea zile dakika 23 kwenye kadi ndogo, tukaiweka kwenye simu yake, tukakaa pale pale kwenye mkeka kuisikiliza. Mzee anaanza kusimulia, kuku wanalia, anacheka mahali fulani, anakohoa, anasema, "Sasa siku ile ya kamba, mimi nilikuwa..." Halafu kimya.

Akanitazama. "Ndiyo mwisho?"

"Hapana, dada," nikamwambia. "Ni mimi nilioukata."

Sikuweza kumweleza habari za megahezi. Ningeanzia wapi?

Basi, mdogo wangu wa chuo, jibu lako ndilo hilo. Ongeza kasi ukitaka, ni elimu nzuri na ina raha yake. Lakini kabla hujaingia bayosi, fungua diski yako uangalie una nini humo ambacho hakirudi. Kihamishe kwanza, hakikisha kinafunguka, ndipo ucheze ngoma yako.

Mimi nawatakia wiki njema. Tuko pamoja.